Mkataba wa wakala Mombasa ni dirham 2,200, wa wizara Dubai ni 1,800: upi unamfunga mwajiri?

Mama_Likoni

Asalaam aleikum jamani. Naomba msaada wa wanaoijua sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu.

Mpwa wangu ni mlinzi katika kampuni moja Dubai, ana miezi 14 sasa. Karatasi aliyotia saini kwa wakala Mombasa inasema dirham 2,200 kwa mwezi, saa 8 kwa siku, malazi bure. Baadaye akatumiwa kwenye simu mkataba wenye nembo ya wizara: msingi 1,200, posho 600, jumla 1,800, miaka 2. Akaukubali akiwa bado Mombasa kwa sababu wakala alimwambia huo ni wa viza tu, mshahara utafuata karatasi ya kwanza.

Kazi yenyewe ni zamu ya saa 12. Mwezi mmoja anaingia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mwezi unaofuata anabadilishwa kwenda usiku. Siku 6 kwa wiki, ila Desemba siku zote 4 za mapumziko zilifutwa. Mshahara unaingia kamili, 1,800, kwenye kadi. Kisha kila mwezi msimamizi anapita anakusanya 300 taslimu kwa kila mlinzi, anasema ni ya viza. Pasipoti iko ofisini kwao tangu siku aliyofika. Na ipo karatasi nyingine aliyotia saini kwamba akiondoka kabla ya miaka 2 atalipa 6,000.

Kuna kampuni nyingine inamtaka. Wamemwambia akithubutu watamripoti kuwa ametoroka. Je, mkataba upi unahesabiwa? Hizo 300 anaweza kuzidai? Na atoke vipi bila kufungiwa?

karani_wa_mikataba

Wa aleikum salaam, shikamoo mama. Nianze na lililo zito. Kwa serikali ya kule, mkataba ni ule uliosajiliwa Wizara ya Rasilimali Watu, wanayoiita MOHRE. Hakuna kitu kinachoitwa mkataba wa viza tu. Ofa ile aliyoikubali kwenye simu ndiyo msingi wa kibali cha kazi, na kila hesabu itaanzia kwenye ile 1,200: ovataimu, likizo, kiinua mgongo.

Karatasi ya Mombasa itazame chini kabisa, penye saini. Kama aliyesaini upande wa mwajiri ni wakala peke yake na muhuri wa ofisi yake, kampuni ya Dubai itasema haijawahi kuiona. Kama kuna saini na muhuri wa kampuni yenyewe, iingizwe kwenye malalamiko, kwa sababu sheria ya kule inaweka kiwango cha chini tu, na makubaliano yaliyo bora kwa mfanyakazi hayakatazwi. Kwa vyovyote msiitupe. Isipomfaa Dubai itamfaa Kenya dhidi ya wakala.

Sheria inayomhusu ni Amri ya Shirikisho Na. 33 ya 2021, iliyoanza kutumika tarehe 2 Februari 2022.

Hizo 300: Kifungu cha 6 kinamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumtafuta na kumwajiri, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Kifungu cha 25 kinataja makato yanayoruhusiwa: mkopo ambao mfanyakazi ameukubali kwa maandishi, fedha aliyolipwa kimakosa kupita haki yake, faini za kinidhamu kwa kiwango kilichowekewa kikomo, uharibifu aliousababisha, deni la hukumu ya mahakama. Viza haimo. Kwa hiyo anazidai zote, miezi yote 14.

Ile karatasi ya 6,000 inaangukia kifungu kilekile cha 6. Aliyemaliza kipindi cha majaribio akaondoka bila notisi, deni lake ni mshahara wa siku za notisi ambazo hakuzitumikia. Notisi ikiwa ya siku 30, hiyo ni 1,800 na si 6,000. Ila isomeni neno kwa neno. Zipo kampuni zinazoandika kwamba mfanyakazi amepokea mkopo wa fedha taslimu, ili gharama ya viza ivae nguo ya mkopo, na mkopo ndio huo unaoruhusiwa kukatwa. Kama neno mkopo limo, aseme mapema kabisa kwenye malalamiko kwamba hakupokea fedha yoyote, na adai kampuni ionyeshe muamala.

Pasipoti: Kifungu cha 13 kinakataza kushikilia hati za mfanyakazi. Aiombe kwa maandishi, kwa barua pepe au WhatsApp, siku chache kabla ya kutoa notisi. Wakikataa, hilo linaongezwa kwenye malalamiko na pia linapelekwa polisi.

Kutoka: majaribio hayazidi miezi 6 kisheria, kwa hiyo yamekwisha. Sasa anatoa notisi ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba wake, zisizopungua 30 wala kuzidi 90, anazitumikia zote, kisha kampuni mpya inaomba kibali. Angekuwa ndani ya majaribio ingekuwa hadithi nyingine: notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemrudishia wa zamani gharama za kuajiri, si mfanyakazi.

Kuhusu kutoroka. Ripoti hiyo ni ya mtu aliyekosekana kazini zaidi ya siku 7 mfululizo bila mwajiri kujua aliko. Madhara yake ni kunyimwa kibali cha kazi kwa mwaka mmoja, kwa hiyo isichukuliwe kirahisi. Kinga yake ni kubaki kazini muda wote wa notisi, kutia saini kitabu cha zamu kila siku, na kama kuna malalamiko, yaingie wizarani kabla hajatoka. Malalamiko yaliyotangulia ripoti ndiyo ushahidi mzuri kwamba mtu hakukimbia.

kokotoa

Mama Likoni, malalamiko yasiyo na tarakimu hulipwa nusu. Tupige hesabu. Itampa mpwa wako kitu cha kuweka mezani pale afisa atakapouliza "unadai kiasi gani?"

Msingi 1,200 gawa kwa 30 ni dirham 40 kwa siku. Gawa kwa saa 8, dirham 5 kwa saa. Ovataimu ni hiyo pamoja na asilimia 25, yaani 6.25. Sheria ina pia nyongeza ya asilimia 50 kwa ovataimu ya kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, lakini wanaofanya kazi kwa zamu wametolewa kwenye kipengele hicho. Asidai 7.50 kwa miezi ya usiku. Wakili wa kampuni atalikamata hilo, na dai moja lililokosewa linatia shaka mengine yote.

Pili, saa ya mapumziko. Sheria inasema mtu asifanye kazi zaidi ya saa 5 mfululizo bila mapumziko, jumla isiyopungua saa moja kwa siku, na saa hiyo haihesabiwi kuwa kazi. Je, kuna mtu anayempokea lindo akienda kula? Kama yupo, zamu yake ni saa 11 za kazi, ovataimu ni saa 3. Kama anakula palepale getini huku akifungua na kufunga, hajapumzika, na ni saa 4. Kwa siku 26 za mwezi:

Saa 3: 78 × 6.25 = 487.50 kwa mwezi, kwa miezi 14 ni 6,825.
Saa 4: 104 × 6.25 = 650 kwa mwezi, kwa miezi 14 ni 9,100.

Nitaendelea na ile ndogo. Zingine:

300 × 14 = 4,200 za viza.

Siku 4 za Desemba: sheria inataka apewe siku mbadala au mshahara wa siku pamoja na nyongeza ya asilimia 50 ya msingi. 40 + 20 = 60, mara 4 ni 240.

Ramadhani: saa za kawaida zinapungua 2 kwa siku kwa wafanyakazi wote, Waislamu na wasio Waislamu. Walinzi wengi hawaijui haki hii kwa sababu zamu yao haibadiliki. Haibadiliki, ndiyo, lakini saa 2 zaidi zinakuwa ovataimu. Siku 26 × 2 × 6.25 = 325.

Kiinua mgongo, akiondoka sasa: siku 21 za msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. 21 × 40 = 840 kwa mwaka wa kwanza, na miezi 2 ya ziada ni 140. Jumla 980. Aliyevuka mwaka mmoja anapata na sehemu ya mwaka.

Likizo, kama hajaenda hata siku moja: 30 kwa mwaka, miezi 14 ni siku 35 × 40 = 1,400.

Jumla ya vyote ni dirham 13,970. Kama ni saa 4 za ovataimu, 16,245.

Utetezi anaopaswa kuutarajia: kanuni za utekelezaji zinaruhusu kazi za zamu zisizoweza kusimama zipite saa 48 za wiki, mradi wastani usizidi saa 56. Kampuni ya ulinzi itakimbilia hapo. Jibu ni fupi. Saa 11 kwa siku 6 ni 66, na saa 12 ni 72. Hata wakikubaliwa 56, kuna saa 10 kila wiki zisizo na maelezo.

Halafu aone jinsi mshahara ulivyogawanywa. Kama zile 1,800 zingekuwa msingi mtupu, kila namba hapo juu ya ovataimu, likizo na kiinua mgongo ingekuwa mara moja na nusu. Kwa hiyo akisoma ofa ya kampuni mpya, asitazame jumla kwanza. Atazame mstari wa msingi.

Deira2

Hapa ugumu upo kwenye zile 300, na naona watu wamezipita haraka. Mishahara ya kampuni inapita kwenye mfumo wa kulinda mishahara, WPS, ambao wizara inauona moja kwa moja. Kampuni hii imeingiza 1,800 kamili kila mwezi. Kwenye kompyuta ya afisa ni safi kabisa. Fedha inarudishwa kwa mkono ili isiache alama. Ndiyo maana mfanyakazi anayekwenda kulalamika kwamba anakatwa 300 anaonyeshwa skrini na kuambiwa umelipwa yote. Aandike hasa kinachotokea: "mshahara unaingia kamili, kisha msimamizi anadai nirudishe 300 taslimu." Neno "kukatwa" litampoteza.

Alama zinapatikana. Achukue taarifa ya kadi yake ya miezi yote 14. Anayerudisha fedha kwa kawaida hutoa kiasi kilekile, tarehe zilezile, siku moja au mbili baada ya mshahara, na mfululizo wa namna hiyo unazungumza. Ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi, hata wa maneno matatu, "leteni ya viza leo", autunze pale ulipo, asiufute wala kuupeleka kwenye simu nyingine kwa picha peke yake. Mwezi ujao akiombwa, ajibu kwa maandishi kwamba yuko tayari kutuma kwa benki na anaomba namba ya akaunti pamoja na risiti. Msimamizi akikataa kwa maandishi, amejiandikia ushahidi mwenyewe. Akitoa akaunti, muamala upo. Na walinzi wenzake 4 au 5 wakiandika jambo lilelile, kila mmoja kwa jina lake, malalamiko yanabadilika uzito.

Sasa onyo, mama, na umfikishie leo. ASIMREKODI msimamizi kwa siri, wala asipige picha ya mtu bila ruhusa yake. Kule ni jinai, Amri Na. 34 ya 2021 kuhusu makosa ya mtandao, kifungu cha 44. Na asiweke jina la kampuni TikTok wala Facebook. Kashfa mtandaoni ni kifungu cha 43 cha amri hiyohiyo. Mtu mwenye dai halali kabisa la mshahara anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa, na kampuni ikatumia kesi hiyo kumshurutisha afute malalamiko. Rosta anayotumiwa kwenye simu ni yake, aitunze. Sauti ambazo msimamizi mwenyewe amemtumia WhatsApp pia, hizo hakuzirekodi yeye.

Njia ya malalamiko: programu ya MOHRE kwenye simu, au kupiga 80084, ambayo ni namba ya ushauri na madai ya kazi. Anahitaji Emirates ID au namba ya pasipoti (picha ya pasipoti inatosha kupata namba), namba ya kibali cha kazi, na simu itakayokuwa hewani. Akikosa simu ya afisa, faili linaweza kufungwa, na ni kosa la kawaida sana kwa walinzi kwa sababu lindoni wanazuiwa kushika simu. Awe na barua pepe inayofanya kazi pia.

Wizara inaita pande zote mbili na kujaribu kuwapatanisha. Tangu mwanzo wa 2024, dai lisilozidi dirham 50,000 linaamuliwa na wizara yenyewe, na uamuzi wake unakazwa kama hukumu. Dai la kokotoa hapo juu limo humo. Asiyeridhika ana siku 15 za kazi kwenda Mahakama ya Awali. Dai lisilozidi 100,000 halilipiwi ada ya mahakama, kwa hiyo akitokea mtu anayemwomba dirham 500 za kufungua kesi, amkimbie.

Mengi ya maongezi yake na wakala nadhani ni ya Kiswahili. Yakifika mahakamani lazima yatafsiriwe kwa Kiarabu na mtafsiri wa sheria mwenye leseni, na hulipwa kwa ukurasa. Achague ujumbe 5 au 6 wenye tarehe na kiasi. Asitafsiri mazungumzo ya mwaka mzima.

mpita_njia_88

Mumwambie afanye haraka. Dai la kazi kule linakufa baada ya mwaka mmoja.

karani_wa_mikataba

Ilikuwa hivyo zamani, ndugu. Amri Na. 9 ya 2024, iliyoanza kutumika tarehe 31 Agosti 2024, imefanya miaka 2, na inahesabiwa tangu siku uhusiano wa kazi ulipokwisha. Zamani kila mshahara ulikuwa na saa yake inayokimbia tangu ulipostahili kulipwa. Hata hivyo kukawia kuna hasara yake: wenzake wanahama, kadi za mshahara zinafungwa, msimamizi anabadilishwa.

Mama_Likoni

Mwenyezi Mungu awalipe. Nimempigia, na yapo mawili mapya. La kwanza, ofisi wanasema pasipoti atapewa siku atakayotia saini karatasi ya kufuta kibali, na karatasi ina Kiarabu na Kiingereza tu. La pili, wenzake wamekasirika, wanataka wote wakatae kupanda basi Jumatatu mpaka zile 300 zirudishwe. Yeye anataka kuungana nao.

karani_wa_mikataba

Mama, la Jumatatu kwanza. Mgomo katika sekta binafsi kule hauruhusiwi. Wakikataa kupanda basi, mzozo unaacha kuwa wa 300 na kuwa wa wafanyakazi kuzuia kazi, na hapo mwajiri ndiye mlalamikaji. Watu wamewahi kurudishwa makwao kwa hilo. Wapande basi, wafanye zamu, na kila mmoja aingize malalamiko yake wiki hiyohiyo, yenye tarehe na kiasi chake. Wakiwa zaidi ya 50, wizara ina utaratibu wa mizozo ya pamoja.

Karatasi ya kufuta kibali ndiyo mtego mkubwa kuliko yote yaliyoandikwa hapa. Ndani yake kuna sentensi inayosema mfanyakazi amepokea haki zake zote na hana dai lolote kwa mwajiri. Akishaisaini, ovataimu ya miezi 14 anaidai huku kampuni imeshika saini yake inayosema amelipwa. Wengi husaini kwa ahadi kwamba hundi inakuja Alhamisi.

Mpangilio uwe huu: kwanza taarifa ya maandishi ya kila kiasi atakacholipwa, kisha fedha iingie kwenye kadi au benki na aione, ndipo asaini. Sheria inawapa siku 14 tangu mkataba kwisha kumlipa kila kitu. Wakimlipa kiinua mgongo na likizo tu, bila ovataimu na zile 300, asisaini kwamba amepokea vyote. Aingize malalamiko, kibali kitafutwa kupitia wizara bila yeye kukana madai yake. Pasipoti haina uhusiano na saini hiyo, na ujumbe wowote wa ofisi unaounganisha hivyo viwili autunze, maana wamekiri wanaishikilia.

Akisaini hatimaye, atazame tarehe ya mwisho ya kukaa nchini baada ya viza kufutwa. Haiko sawa kwa kila mtu, na ikipita faini huhesabiwa kwa siku. Kampuni mpya iwe imeanza kuomba kibali chake kabla ya hapo. Kufanya kazi huko kabla kibali hakijatoka, hata kwa siku mbili za majaribio, ni kosa lake na la kampuni pia.

Deira2

Niongeze kwa karani. Ipo njia ya kuondoka bila kutumikia notisi, Kifungu cha 45 cha ile sheria ya kazi: mwajiri akivunja wajibu wake, mfanyakazi anaiarifu wizara siku 14 za kazi kabla ya kuacha, na kama mwajiri hajarekebisha, anaondoka na haki zake zote. Aliyeshambuliwa au kunyanyaswa kazini hahitaji kungoja hizo siku 14. Kwa huyu kijana nisingeichagua. Akiwa na kampuni inayomngoja, notisi ya kawaida ya siku 30 ni safi zaidi na haimwachii mwajiri la kubishia. Kifungu hiki kinamfaa aliyekaa miezi 2 bila mshahara.

Notisi yenyewe iwe na mistari mitano tu: jina na namba ya kibali, kwamba anajiuzulu kwa mujibu wa mkataba, tarehe ya leo, tarehe ya siku ya mwisho ya kazi, na ombi la malipo yake ya mwisho na pasipoti. Asieleze sababu, asimtaje msimamizi, asiandike kampuni mpya ni ipi. Aitume kwa barua pepe ya ofisi ya wafanyakazi, kisha apeleke nakala mkononi aombe muhuri wa kupokea. Wakikataa kugonga muhuri, barua pepe inatosha kuthibitisha tarehe.

SautiYaUnguja

Upande wa nyumbani haujaguswa, nauongeza. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 vifungu vya 83 hadi 86 inataka mkataba wa kazi ya nje uwe kwenye fomu maalumu, usainiwe na pande zote, na uthibitishwe na afisa wa kazi. Anayemshawishi mtu kwenda nje bila hayo anatenda kosa, faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Angalieni kama ile karatasi ya 2,200 ina muhuri wa afisa wa kazi. Kama haina, peleka malalamiko Mamlaka ya Taifa ya Ajira pamoja na risiti za fedha alizolipa wakala, na wakala huyo atazamwe kama yumo kwenye orodha yao ya waliosajiliwa. Wa Tanzania Bara wanaanzia TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, na sisi Zanzibar ni Kamisheni ya Kazi. Ubalozi mdogo Dubai unasaidia zaidi kwenye pasipoti iliyoshikiliwa kuliko kwenye mshahara, aende huko na namba ya malalamiko ya wizara tayari mkononi.

Tena, kwa wasomaji wenye dada zao majumbani: hesabu za hapo juu msizitumie. Wafanyakazi wa nyumbani wana sheria yao, Amri Na. 9 ya 2022. Humo haki ni saa 12 za mapumziko kwa siku, 8 kati yake mfululizo, siku moja ya mapumziko kwa wiki yenye malipo, na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Mlinzi naye akiajiriwa na mwenye nyumba badala ya kampuni anaingia huko. Kwa hiyo kabla ya kupiga hesabu yoyote, soma jina la mwajiri kwenye kibali: ni la kampuni au la mtu?

Mama_Likoni

La kampuni, nimeiona picha yake. Na hakuna anayempokea lindo, anakula getini.

kokotoa

Basi ni saa 4, mama, dai lake ni 16,245. Aanze leo kuandika kwenye daftari lake kila siku saa ya kuingia, saa ya kutoka, jina la aliyempokea zamu, na aliyekuwa getini wakati wa chakula. Siku 30 za notisi zikiisha atakuwa na kurasa 26 zinazolingana na rosta. Asisahau tiketi ya kurudi: akihamia kampuni nyingine, ya zamani haimdai wala haimlipii. Ila mambo yakiharibika akalazimika kurudi Mombasa, nauli ni ya mwajiri, isipokuwa kama sababu ya kazi kukatika ilitoka kwake mwenyewe.